Mzungu wa Kazi na Wimbo Uliotoka Motoni

Soma kabla ya kukutana na kikundi chako: Matendo 16:19-34, Danieli 3:13-18, Habakuki 3:17-19, Zaburi 30, Waebrania 13:15.

Katikati ya mwezi wa Juni 1878, kijana mmoja wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 28 aliwasili Kageye, kijiji kilicho ufukweni mwa ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa Ilemela yetu. Alikuwa ametoka pwani kwa safari ya miezi mingi. Jina lake lilikuwa Alexander Mackay. Alipoingia katika kibanda kilichotunza mali ya misheni alikuta vitu vimerundikwa ovyo kutoka sakafuni hadi karibu na paa: vyuma vya injini ya mvuke, misumari, vitabu, dawa, herufi za kupigia chapa, vyote vimechanganyika, vingine vimeibwa, vingine vimeliwa na mchwa. Nje, mashua iliyoitwa Daisy ilikuwa imelala mchangani, mbao zake zimepasuka kwa jua.

Wengi wa wale walioileta mali hiyo hawakuwapo tena. Daktari John Smith alikuwa amefariki mwezi wa Mei 1877 kusini mwa ziwa hili. Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa huko Ukerewe mwezi wa Desemba mwaka huo huo, walipojiingiza katika ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Songoro, ambaye alikuwa amewakimbilia awe chini ya ulinzi wao. Wamisionari wanane walikuwa wameondoka Uingereza mwaka 1876, wakitumwa na Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Anglikana, kwa sababu Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa ameomba walimu kwa njia ya Stanley. Katika mkutano wa kuwaaga, Mackay, aliyekuwa kijana kuliko wote, aliwaambia viongozi wa chama kwamba kabla ya miezi sita kwisha wangesikia kuwa mmoja wao amekufa, na habari hiyo ikifika wasivunjike moyo, bali wamtume mwingine haraka achukue nafasi. Maneno yake yalitimia mapema kuliko alivyosema.

Basi mtu aliyefika Kageye na kukuta kibanda cha namna ile angefanya nini? Mackay alivua koti. Kwa siku kadhaa alipanga, alisafisha, aliunganisha vyuma, na wenyeji walikuja kutazama kwa mshangao jinsi vipande vilivyotupwa hovyo vilivyokuwa vinarudi kuwa mashine. Halafu alifanya jambo ambalo watu wa Kageye walimsihi asilifanye: alivuka kwenda Ukerewe, bila silaha, kuonana na Lukonge. Alitaka mtemi ajue kwamba hakuja kulipiza kisasi cha wenzake. Alikaa huko siku chache, akarudi salama, na watu waliokuwa wamemhesabu kuwa amekwisha kufa walimpokea kwa shangwe.

Mashua ilikuwa kazi nyingine. Yeye na mwenzake Wilson walisafiri mwezi wa Agosti, dhoruba ikawatupa ufukweni na Daisy ikavunjika. Wakakata kipande cha katikati kilichoharibika, wakaleta pamoja mbele na nyuma, wakaiunga kuwa mashua fupi. Mafundi wetu wa mitumbwi huko Igombe na Kayenze wanajua ni kazi gani hiyo. Iliwachukua majuma kama manane. Mwezi wa Novemba 1878 walifika Buganda.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, kijiji cha Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alimfundisha mwanawe nyumbani, hasa jiografia na hesabu. Mama yake alifariki Mackay akiwa bado kijana mdogo, na ujumbe aliomwachia ulikuwa ni kuyachunguza Maandiko. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha akafanya kazi Ujerumani, mjini Berlin, akichora mashine katika kiwanda. Huko ndiko alipoamua kwenda Afrika kama mhandisi. Wakati ule wengi waliona ajabu. Mmisionari alidhaniwa kuwa mtu wa mimbari, na huyu alisema atahubiri kwa nyundo.

Hakuharibu muda. Mwaka 1877, kabla ya kufika ziwani, alisimamia ujenzi wa njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, umbali wa maili kama 230, akikata vichaka na kujenga madaraja, huku homa ikimwangusha mara kwa mara. Huko Buganda watu walimwita Mzungu wa Kazi. Jina hilo ni la Kiswahili, na kwa Kiswahili ndiko alikoanzia: alimsomea Kabaka Agano Jipya katika tafsiri ya Askofu Steere wa Zanzibar, kwa kuwa wakuu wengi wa Buganda walikuwa wameshajifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara wa pwani. Baadaye alichonga herufi za mti kwa kisu, akapiga chapa kurasa za kujifunzia kusoma Kiganda. Vijana wa ikulu walizigombania.

Tuseme wazi kwamba Mackay hakuwa na nuru yote tuliyo nayo leo. Aliitunza siku ya kwanza ya juma kama walivyofundishwa wenzake wengi. Hilo halitufungi macho tusione jinsi alivyoliheshimu Neno la Mungu na jinsi alivyotaka kila mtu alisome mwenyewe.

Na hakuwa mtu mwenye furaha ya kupita kiasi. Anayesoma habari zake akitafuta mtakatifu anayetabasamu wakati wote hatampata. Alikuwa mwepesi wa kubishana. Alibishana mbele ya Kabaka na wafanyabiashara Waarabu kuhusu biashara ya watumwa, alibishana na mapadre Wakatoliki kuhusu mafundisho, na barua zake nyingi zimejaa uchovu na upweke. Mutesa alimpenda leo na kumsahau kesho. Mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki, Mackay alitengenezewa kazi ya ajabu: majeneza matatu, moja ndani ya jingine, makubwa kama nyumba, ya mbao na shaba. Alifanya kazi usiku na mchana kama mwezi mzima. Hakuja kwa ajili hiyo Afrika, bila shaka.

Lakini mwaka huo huo, tarehe 18 Machi, Waganda watano wa kwanza walibatizwa. Mmoja wao, Sembera, alikuwa ameomba ubatizo kwa barua aliyoiandika mwenyewe, kalamu yake ikiwa kijiti kilichochongwa na wino wake masizi yaliyochanganywa na maji ya ndizi. Alipobatizwa alichagua jina la Mackay.

Tafakari: Habakuki 3:17-19 inataja shamba lisilotoa chakula na zizi lisilo na ng'ombe. Nabii hafichi hasara hata moja kabla ya kusema atamfurahia Bwana. Je, katika kikundi chako, mtu aliyepoteza nyavu zake au ajira yake anaruhusiwa kuitaja hasara yake kwanza, au anatakiwa aanze na kusema Bwana asifiwe?

Busega, 31 Januari 1885

Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga, kijana asiyefika hata miaka 20, alirithi kiti. Alikuwa na hofu, na wakuu waliomzunguka waliichochea hofu hiyo: Wazungu walikuwa wanasogea kutoka kila upande, na vijana wa ikulu waliosoma walikuwa wameanza kumtii mfalme mwingine.

Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walipata ruhusa ya kwenda ziwani, wakafuatana na baadhi ya vijana wao. Njiani Mujasi, mkuu wa askari wa Kabaka, aliwazuia na watu wenye silaha. Wazungu walirudishwa. Vijana walikamatwa. Watatu kati yao walihukumiwa kufa: Serwanga, Kakumba, na mdogo kuliko wote, Lugalama. Huyu Lugalama alikuwa Mhima, mtoto aliyetekwa vitani na kuletwa Buganda kama mtumwa, akaja kulelewa nyumbani kwa Ashe. Mackay na Ashe walihangaika siku nzima, wakituma zawadi na maombi kwa wakuu. Haikusaidia kitu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 31 Januari, vijana wale walipelekwa Busega, mahali penye kinamasi, si mbali na kituo cha misheni. Mujasi alikwenda nao akiwadhihaki, akiwaambia wamwombe Yesu wao aje awatoe motoni. Watu walijenga uchanja wa kuni. Kabla ya kuwatupa motoni waliwakata mikono. Habari iliyowafikia wamisionari inasema kwamba Lugalama aliwasihi wamtupe motoni tu, wasimkate mikono. Hawakumsikiliza.

Habari hiyo hiyo inasema kwamba vijana waliimba. Waliimba wimbo wa kumsifu Mwokozi kila siku, wimbo waliofundishwa misheni, mpaka sauti zikanyamaza.

Ninaomba kila kikundi kikae hapa kidogo. Mara nyingi tunasimulia kisa cha mashahidi kana kwamba hawakuwa na miili. Lugalama aliogopa kisu. Aliomba aepushwe nacho, kama Bwana wetu alivyoomba kikombe kimwepuke katika Mathayo 26:39. Sifa yake haikutoka kwa mtoto asiyesikia maumivu. Ilitoka kwa mtoto aliyelia kwanza, na aliyekataliwa ombi lake. Tukiwafundisha watoto wetu wa Shule ya Sabato kwamba imani ni kutoogopa, tutawaacha bila msaada siku hofu itakapowajia.

Alikuwako pale mtu mzima mmoja, Musali, aliyesimama akitazama. Mujasi alimgeukia na kumwuliza kama yeye naye ni mfuasi wa Isa, akimtishia moto ule ule. Musali hakukana. Mujasi hakumfanya kitu siku ile.

Na mmoja wa wale waliotekeleza hukumu hakuweza kulala na alichokiona. Baada ya muda alikuja misheni akiomba afundishwe kusali. Soma tena Matendo 16:25-30 na uone ni nani aliyekuwa anawasikiliza Paulo na Sila usiku ule. Tumezoea kumtaja askari wa gereza, lakini Luka anaanza na wafungwa wengine. Ni nani anayesikiliza nyumba yako wakati wa msiba, na anasikia nini?

Mackay hakuimba siku ile. Moyo wake ulivunjika. Hilo aliliandika waziwazi. Yeye ndiye aliyewaleta vijana wale katika imani iliyowaua, na uzito huo hakuna aliyeweza kumtua. Juma lililofuata alirudi kwenye mashine ya kupigia chapa. Mtu anaweza kuuita ukaidi wa Kiskoti. Mimi naona ni ile dhabihu ya sifa inayotajwa katika Waebrania 13:15, ingawa kwake ilitoka zaidi mikononi kuliko midomoni. Soma na fungu la 16 linalofuata, uone kama Paulo anaitenga midomo na matendo.

Mambo yalizidi. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule Askofu James Hannington, aliyekuja kwa njia ya Umasaini, aliuawa Busoga pamoja na wapagazi wake wengi. Hannington aliujua mwambao wetu wa kusini. Mwaka 1882 alifika upande huu akiwa mgonjwa sana wa kuhara damu, akalazimika kurudi kwao. Alipokuwa kifungoni Busoga aliendelea kuandika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, nacho kilipatikana baadaye. Siku ya mwisho aliandika kwamba Zaburi ya 30 ilimshika na kumtegemeza. Isome zaburi hiyo ukikumbuka imesomwa na mtu aliyefungiwa katika kibanda kichafu chenye panya na wadudu, mgonjwa wa homa, asiye na habari yoyote ya kesho.

Mwaka 1886 moto ukawa mkubwa zaidi. Tarehe 3 Juni, huko Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki walichomwa pamoja. Mackay na Ashe walipiga chapa barua ya kuwatia moyo waliojificha, wakaisambaza kwa siri. Watu walikuja usiku, wakagonga, wakaomba kusoma kidogo au kubatizwa, wakaondoka kabla ya mapambazuko. Ashe alipoondoka mwezi wa Agosti, Mackay alibaki peke yake kwa karibu mwaka mzima. Mwanga hakumruhusu aondoke kwa sababu alimhitaji fundi. Hivyo ndivyo mikono ile ile iliyotengeneza majeneza ya ikulu ilivyompa nafasi ya kuendelea kuwafundisha watu gizani.

Usambiro

Mwezi wa Julai 1887 Mwanga alimfukuza hatimaye. Mackay alivuka ziwa akarudi kusini, upande wetu, akajenga kituo Usambiro. Hapo alichimba, alifyatua matofali, alifua vyuma, alitafsiri na kupiga chapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Askofu Parker, aliyemrithi Hannington, alikuja Usambiro pamoja na mmisionari Blackburn, na wote wawili walikufa kwa homa mwezi wa Machi 1888. Mackay aliwazika.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Kabaka aliyewachoma watoto akawa mkimbizi ziwani. Alikimbilia Magu kwa Waarabu, kisha akapokewa na mapadre wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Mwaka 1889 alimwandikia Mackay barua akimwomba msaada na kumsihi asiyakumbuke ya zamani. Ningependa kuona uso wa Mackay alipoifungua barua ile. Kakumba, Serwanga na Lugalama walikuwa na miaka minne tu tangu wafe. Hakuna mahali katika maisha yake ambapo wimbo wa sifa ungekuwa mgumu zaidi kuliko hapo, naamini, hata kuliko siku ya Busega, kwa maana ni rahisi zaidi kumsifu Mungu ukiwa umeonewa kuliko kumsifu wakati aliyekuonea amesimama mlangoni anaomba.

Linganisha Yona 4:1-4. Yona aliweza kuomba na kushukuru ndani ya samaki. Ni lini aliposhindwa?

Stanley alifika Usambiro mwisho wa Agosti 1889 na msafara wake uliochoka, akakaa majuma kama matatu. Alishangaa kuona nyumba imara yenye rafu za vitabu, karakana, mashine, na vijana wanaosoma. Alimsihi Mackay waondoke pamoja kwenda pwani, na chama chake pia kilimtaka arudi Ulaya apumzike. Alikuwa amekaa Afrika zaidi ya miaka 13 bila kwenda kwao hata mara moja. Alijibu kwamba hawezi kuondoka mpaka aje mtu wa kushika nafasi yake, akaomba waletwe wafanyakazi wengi. Hawakuwa wamefika.

Wakati huo alikuwa amekata mbao za kuunda mashua mpya kwa ajili ya ziwa, na injini ilikuwa inangoja. Mwanzoni mwa Februari 1890 homa ya malaria ilimshika. Alikuwa na mwenzake mmoja tu Mzungu, Deekes, naye alikuwa mgonjwa, amejiandaa kurudi kwao. Mackay aliugua siku nne. Alifariki usiku wa Jumamosi, tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40.

Kesho yake Deekes alitengeneza jeneza kwa mbao zile zilizokatwa kwa ajili ya mashua. Saa nane mchana walimzika kando ya kaburi la Askofu Parker. Vijana wa kituo na Wakristo Waganda waliokuwa Usambiro walikusanyika kulizunguka kaburi, na Deekes alisoma ibada ya maziko. Kisha vijana wakaimba wimbo wa kuusifu uweza wa jina la Yesu, na walipomaliza, Waganda wakauimba wimbo ule ule kwa lugha yao.